Nipo njia panda: benki Posta au uzamivu wa mashimo meusi Ujerumani? Naombeni ushauri

Gridi_Ndogo (Jumanne, saa 4 usiku)
Habari za usiku wakuu. Naombeni ushauri, na mwenye kutaka kukejeli namwomba apite tu, maana hii ni wiki ya pili silali vizuri.

Nina miaka 27, nimemaliza uzamili wa fizikia hapa Dar mwaka jana. Kazi yangu ilikuwa kuiga kwa kompyuta gesi inayozunguka shimo jeusi, lile la angani linalomeza hata nuru: inavyochemka, inavyoburutwa na sumaku, nyingine inamezwa, nyingine inarushwa nje. Nimepata nafasi ya uzamivu Ujerumani, miaka mitatu na nusu, na wanalipa mshahara. Wanataka jibu Ijumaa. Wakati huo huo benki moja pale Posta imeniita kitengo cha takwimu, milioni 2.4 kabla ya makato, naripoti tarehe 1.

Mama anauza vitumbua Mbagala Rangi Tatu. Mimi ndiye wa kwanza, nina wadogo watatu, wawili bado wako shule. Moyo unavutia benki. Je, nitakuwa nimekosea? Na maisha ya msomi wa mambo haya yakoje hasa, mbele kuna ajira?

Natanguliza shukrani.

Kisiki_cha_Mpingo
Benki. Usiulize mara mbili.

Kaka yangu alikwenda Urusi kusomea madini, kakaa miaka saba. Karudi kakuta wenzake tumeshajenga, watoto wanamwita "mgeni". Mimi niliishia diploma, nina nyumba Chanika na fremu mbili. Na kumbuka Bodi ya Mikopo inakata 15% ya mshahara wako, kwa hiyo hiyo 2.4 usiipigie mahesabu yote. Anza mapema.

Mama_Nasra
Mwanangu, umekaa na mama yako ukamweleza? Nyie vijana mnaamua mambo makubwa kwenye simu halafu mzazi anapewa taarifa kama jirani. Mpe heshima yake kwanza.

Halafu nina swali langu. Binti yangu yuko kidato cha tatu, umeme ukikatika yeye anafurahi, anakwenda uani kuangalia nyota. Haya mambo mtu anasoma mchepuo gani?

Dereva_Kimara
Shimo jeusi nalijua moja njia ya Goba, mvua ikinyesha linameza bajaji na abiria wake 😂

Ila kiukweli naomba kueleweshwa, hilo lenu mnaliona wapi na nyie mko Dar?

Gridi_Ndogo
Mama Nasra, swali lako nimeliona, nitalijibu nikitulia. Shikamoo.

Dereva, shimo lenyewe halionekani, kinachoonekana ni gesi iliyolizunguka. Tarehe 10 Aprili 2019 dunia ilionyeshwa picha ya kwanza, shimo lililo katikati ya galaksi ya M87, umbali wa miaka ya nuru milioni 55. Uzito wake ni kama Jua bilioni 6.5. Mwaka 2022 ikatoka ya lile la kwenye galaksi yetu wenyewe. Sasa ile pete ya rangi ya chungwa peke yake haikwambii kitu. Ili waielewe ile ya M87, watafiti walitengeneza kwenye kompyuta picha zaidi ya 60,000 za namna gesi inavyoweza kukaa, wakazilinganisha na walichokiona. Kazi yangu iko upande huo, wa kutengeneza za kulinganishia. Unaweza kuifanya ukiwa Changanyikeni, mradi una intaneti ya kuifikia kompyuta kubwa iliyo mbali.

Dereva_Kimara
Kumbe unakaa Changanyikeni! Basi hata sishangai umechanganyikiwa. Pole mkuu, nakutania, asante kwa somo. Nimemsomea abiria wangu kaomba nirudie.

Bahari_Tulivu
Gridi mdogo wangu, nimekusoma mara mbili. Nimekaa kwenye utafiti miaka kumi na moja, si fani yako, mimi ni wa viumbe vya bahari, lakini mtu aliyepata nafasi kama hiyo namjua anavyoandika. Anaandika kwa furaha, au kwa hofu ya baridi na viza. Wewe unaandika kama anayetafuta ruhusa ya kuondoka.

Umesema hii ni wiki ya pili hulali. Benki na Ujerumani vyote ni habari njema, havimnyimi mtu usingizi wiki mbili. Kimetokea nini?

Gridi_Ndogo
Hakuna kilichotokea dada. Ni majukumu ya nyumbani tu.

Bahari_Tulivu
Sawa. Basi nijibu hili dogo: hiyo nafasi wamekupa kwa kazi ipi?

Gridi_Ndogo (Jumatano, saa 7 usiku)
Dada Bahari umenibana. Nadhani nilikuwa nataka nibanwe.

Nafasi nimepewa kwa makala moja. Ilitoka jaridani miezi minne iliyopita, jina langu la kwanza, la msimamizi wangu la pili. Tulisema tumepima gesi inayobebwa na jeti, ule mchirizi unaochomoka juu na chini ya shimo, na kwamba gesi hiyo inaongezeka kadiri shimo linavyozunguka kwa kasi.

Sasa sikilizeni. Karibu na mhimili wa shimo gesi hukauka. Nyingine imeanguka ndani, nyingine imefukuzwa na sumaku. Msongamano ukikaribia sifuri, programu inashindwa hesabu na inakufa. Kwa hiyo kila anayefanya kazi hii anaweka sakafu: msongamano ukishuka chini ya namba fulani, programu inajazia gesi kidogo ya kubuni ili hesabu iendelee. Hiyo gesi haihesabiwi kwenye majibu. Watu hulikata lile eneo ambalo sumaku imeizidi gesi nguvu, hawaligusi. Mimi sikulikata.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa naandaa maelezo ya kwenda kuwaonyesha Wajerumani. Nikatuma kazi moja kwenye kompyuta kubwa, kila kitu kama kwenye makala, ila sakafu nimeishusha mara kumi. Kutaka kujua tu. Matokeo yalitoka siku ya tano, saa 9 usiku, umeme umekatika, feni imesimama, nasoma kwa bando la simu na kompyuta imebaki chaji asilimia 18. Jibu la kwenye makala ni 0.31. Jipya likasomeka 0.034.

Nikarudia. Siku tano nyingine. 0.034.

Sakafu imeshuka mara kumi, jibu nalo limeshuka karibu mara kumi. Maana yake ile gesi niliyoipima si ya shimo jeusi. Niliimwaga mimi mwenyewe, halafu nikaipima na kuitangaza.

Msimamizi wangu hajui. Wajerumani hawajui. Nyie ndio wa kwanza.

Kisiki_cha_Mpingo
Duh. Basi ndiyo kabisa, benki.

Bahari_Tulivu
Asante kwa kusema. Benki umeshawajibu?

Gridi_Ndogo
Nimesaini Jumatatu. Na barua ya kuwakatalia Wajerumani nimeshaiandika, nimeweka sababu za kifamilia, bado tu kuituma.

Lakini dada, nifikirieni na mimi. Hii si dawa ya mgonjwa wala nguzo ya daraja. Hakuna atakayeumia. Ile makala imesomwa na watu wachache. Nikiondoka kimya, itajizikia yenyewe. Nikisema, Profesa aliyenishika mkono tangu mwaka wa pili, aliyenilipia bando kwa pesa yake mfukoni, jina lake linachafuka kwa uzembe wangu. Hapa kwetu watu wa fani hii tunahesabika kwenye vidole. Watasema ndio hao, si tulisema hawawezi?

Fundi_Gerezani
Mimi mambo ya angani siyajui, nachomelea vyuma. Mwaka 2016 nilimfungia mzee mmoja wa Tabata geti, nikakosea bawaba ya juu, nilitumia nyembamba kwa sababu nene ziliisha na duka limefungwa. Nikapaka rangi, likang'aa, mzee kafurahi kanilipa na soda juu. Nimekaa miezi mitatu nikipita Tabata naangalia upande wa pili wa barabara. Siku moja nikaenda na mashine yangu, nikamwambia mzee nakuja kurekebisha. Akaniuliza mbona halijaharibika? Nikamwambia litaharibika. Mpaka leo ananiletea wateja.

Sijui kama inahusiana.

Mchambuzi_Huru (Jumatano mchana)
Wakuu mnakunywa chai. Tena ya maziwa, ya kwenye chupa kubwa ya msibani.

Angalieni vizuri. Kijana wa miaka 27, kwao vitumbua, anaiga mashimo meusi Changanyikeni, umeme unakatika saa 9 kamili, chaji asilimia 18, kila kitu kimepangika. Kompyuta ya kufanya hayo Dar iko wapi? Mtu mwenye tatizo la kweli hasimulii na namba za desimali. Huyu anatafuta umaarufu, kesho ataomba mchango wa nauli.

Kisiki_cha_Mpingo
Hata mimi nilianza kuhisi. Na mbona hajataja chuo?

Mama_Nasra
Jamani, na mimi nimeshamwombea kwenye swala ya alfajiri!

Dereva_Kimara
Gridi, jitetee kaka.

Nyuzi_Karoo
Mtanzania hapa, nipo Afrika Kusini, nafanya kazi na data za MeerKAT, ile darubini ya redio yenye madishi 64 kule jangwani Karoo. Si fani yake hasa, ila naijua kiasi cha kutosha kumjua mwongo. Gridi, jibu matatu bila kwenda kutafuta:
Kompyuta kubwa ulitumia ipi, na jina lake lina maana gani?
Ukiiga kwa pande mbili tu badala ya tatu, sumaku inakuwaje?
Ukitaka gridi laini mara mbili, unalipa kiasi gani?

Gridi_Ndogo
Ya Cape Town, Lengau. Ni duma kwa Kitswana. Saa za kuitumia tulipata kupitia ushirikiano wa msimamizi wangu na watu wa huko.

Kwa pande mbili sumaku haidumu. Mwanaastronomia Cowling alithibitisha kwamba uga wa sumaku unaofanana kuuzunguka mhimili hauwezi kujizalisha wenyewe, kwa hiyo mchafuko wa gesi unanyong'onyea baada ya muda. Pande mbili nilitumia kujaribia programu tu, kazi yenyewe ni pande tatu.

Gharama ni mara 16. Gridi ni vile vyumba vidogo tunavyogawia anga tunayoiiga; vinakuwa mara 8, na hatua ya muda lazima ipungue nusu, kwa hiyo unazidisha tena kwa 2.

Na hapo, ndugu Nyuzi, ndipo nilipopotea. Saa zilikuwa zinaisha. Nilitakiwa nichague: nijaribu sakafu, au niongeze shimo moja lenye kasi kubwa ili mchoro upendeze. Nikachagua mchoro. Sikuwaambieni hilo jana kwa sababu naona aibu. Uzembe ungekuwa afadhali. Nilijua jaribio lipo, nikaliruka.

Chuo sitaji. Ukitaja chuo, Profesa anajulikana siku hiyo hiyo.

Nyuzi_Karoo
Si chai wakuu. Huyu ni mwenzetu.

Mchambuzi_Huru
Nimekubali. Nisamehe mkuu, humu tumeshaliwa sana.

Bahari_Tulivu (Jumatano jioni)
Gridi, nikusimulie kisa cha fani jirani na yako. Mwaka 1991 Andrew Lyne wa Uingereza na wenzake walitangaza wamepata sayari inayozunguka pulsa, ile nyota iliyokufa inayomulika kama taa ya mnara. Ilikuwa habari kubwa, ilitoka kwenye jarida la Nature. Baadaye akagundua kwamba hesabu zao hazikusahihisha vizuri namna Dunia yetu inavyolizunguka Jua, kwa njia ambayo si duara kamili. Sayari haikuwepo. Ulikuwa mwendo wetu wenyewe, kama gesi yako.

Januari 1992 alikuwa amealikwa kuzungumza mbele ya mkutano wa wanaastronomia Marekani, Atlanta. Alisimama akaeleza kosa lake hatua kwa hatua. Ukumbi ukampigia makofi. Mkutano huo huo, mwenzake Aleksander Wolszczan akazungumzia sayari za pulsa nyingine, na hizo zikaja kuthibitika. Lyne hakufukuzwa na mtu, aliendelea na kazi miaka mingi.

Sikudanganyi kwamba wewe utapigiwa makofi. Unaweza kunyang'anywa nafasi. Lakini unasema hakuna atakayeumia, na kuna mwanafunzi mahali fulani, labda India, labda Ghana, atachukua ile 0.31 yako ajengee kazi yake, halafu miaka miwili aone haikubali na ajilaumu yeye.

Anza na Profesa. Leo, na kwa mdomo. Jina lake liko pale, ana haki ya kujua kabla ya mimi na Mchambuzi, na tayari tumemtangulia. Mpelekee majibu yote mawili. Sahihisho mtaliandika pamoja, halafu wewe mwenyewe uwaandikie Wajerumani. Ile barua ya sababu za kifamilia ifute, usimsingizie mama yako.

Benki nenda ukitaka. Hilo silo nililokuuliza.

Kisiki_cha_Mpingo
Mimi bado naona mkataba umesainiwa basi aende kazini, mengine yatajipanga. Ila kweli, la kumsingizia mama silipendi.

Gridi_Ndogo (Alhamisi, saa 2 usiku)
Jana sikuweza. Leo nimekwenda. Nimemsubiri nje ya ofisi toka saa 4, alikuwa na kikao. Nilikuwa nimeandaa maneno, yote yakapotea. Nikampa karatasi mbili tu, grafu ya zamani na mpya.

Ameangalia muda mrefu. Akavua miwani. Akaniuliza, "Umejua lini?" Nikasema siku kumi na sita. Akasema hilo la siku kumi na sita ndilo linalomuuma. Grafu tutaitengeneza. Halafu akavuta kiti akaniambia nikae, tukaanza kuandika barua ya jarida pale pale mpaka mlinzi akaja kufunga.

Kesho saa 2 asubuhi tunawapigia Wajerumani simu tukiwa wote wawili. Sijui watasema nini. Benki nimeomba wanisogezee tarehe, hawajajibu. Mama nimemweleza jioni hii, kaniuliza kama kosa hilo linapeleka mtu polisi, nikamwambia hapana, akasema basi nile.

Mama Nasra, nilikuahidi jibu. Binti asome PCM (fizikia, kemia na hesabu), na hesabu asiziache hata zikimchosha. Kama mna kompyuta nyumbani, hata kuukuu, aanze kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu, haina malipo. Mwambie aanze na kitu kidogo, sayari moja inalizunguka Jua, mistari kama thelathini tu. Hatua za muda akizifanya ndefu ataona sayari inapotea njia. Akifika hapo anikute hapa, tutaangalia pamoja kwa nini.

Mama_Nasra
Amekaa hapa pembeni yangu, anauliza hiyo hatua ya muda ianzie sekunde ngapi.

Gridi_Ndogo
Aanze na siku moja nzima. Halafu aipunguze nusu, aone kama jibu linabadilika.