Mafunzo ya huduma ya kwanza kwa wafanyakazi wa karakana: tuanzie wapi?

Msimamizi_Keko (Dar es Salaam)

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninasimamia karakana ya samani yenye watu takriban 40, wakiwemo maseremala, wachomeleaji, wapaka vanishi na madereva, na kazi hufanyika kwa zamu mbili. Hivi karibuni kijana wetu mmoja alikatwa kiganja na msumeno wa umeme. Damu ilikuwa nyingi, wenzake wakamzunguka, mmoja akataka kummiminia spiriti, mwingine akakimbilia kutafuta unga wa kahawa, na sanduku la huduma ya kwanza lilipofunguliwa ndani yake zilikutwa plasta ndogo ndogo na vidonge vya kutuliza maumivu tu. Kijana alishonwa na anaendelea vizuri, na mwenye karakana sasa amekubali kwamba wafanyakazi wafundishwe.

Yeye anapendekeza aitwe mtu mmoja azungumze na wafanyakazi wote kwa saa mbili Jumamosi asubuhi, ili uzalishaji usisimame. Mimi naona muda huo hautoshi, ila nahitaji hoja za kumweleza. Naomba waliowahi kuandaa mafunzo ya aina hii wanieleze nianzie wapi, nichague watu gani, na nimuulize nini mkufunzi kabla hatujakubaliana malipo.

Mkufunzi_Morogoro

Ndugu Msimamizi, poleni kwa ajali hiyo. Kwa mwenye karakana, anza na sheria: kumpatia mfanyakazi mahali salama pa kazi, pamoja na huduma ya kwanza anapoumia, ni wajibu wa mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, na wanaoisimamia ni OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Wakala huo wenyewe huendesha kozi za huduma ya kwanza kwa waajiri, na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania nacho hufundisha, kwa hiyo una mahali pa kuanzia bila kumtegemea mtu uliyeelekezwa na rafiki.

Lakini kabla hujapiga simu popote, izunguke karakana yako ukiwa na daftari, uandike kila kinachoweza kumdhuru mtu: misumeno na randa za umeme, cheche za kuchomelea, vanishi na thina, nyaya zilizochubuka, mbao zilizopangwa juu kupita kiasi. Orodha hiyo ndiyo utakayompa mkufunzi ili apange somo kulingana nayo. Mkufunzi asiyeuliza watu wako wanafanya kazi gani, akaja na somo lile lile analowapa walimu wa chekechea na walinzi wa benki, huyo mshukuru, umwache aende.

Kuhusu zile saa mbili za mazungumzo, hoja yako kubwa ni kwamba huduma ya kwanza hukaa mikononi. Chukua mfano wa kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Maelezo yake ni mafupi na yeyote anaweza kuyakariri: mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, na baada ya kila mikandamizo 30 zifuate pumzi 2. Mweke sasa seremala mwenye kifua kipana mbele ya sanamu ya mafunzo, utamwona amekunja viwiko, anasukuma kwa nguvu za mikono badala ya uzito wa mwili, na kabla dakika mbili hazijaisha jasho linamtoka na mikandamizo imekuwa ya juu juu. Hapo mkufunzi humnyoosha mikono, humsogeza mabega yawe juu kabisa ya kifua cha sanamu, humkumbusha aachie kifua kirudi juu kila mara, kisha humfundisha kupokezana na mwenzake kila baada ya dakika mbili. Haya hayafanyiki watu 40 wakiwa wamekaa kwenye viti. Kwa hiyo muulize mkufunzi ana sanamu ngapi, kila mshiriki atazitumia kwa muda gani, na atampima vipi kabla ya kumpa cheti. Binafsi sipendi kuzidisha watu sita kwa sanamu moja.

Jambo la pili ni umeme. Aliyenaswa haguswi mpaka umeme uzimwe, na hili halina maana kama ni fundi mmoja tu anayejua swichi kuu ilipo. Wapelekeni wote, mmoja mmoja, wakaiguse.

Muuguzi_Mapokezi

Naomba niongezee kutokana na yale tunayoyapokea hospitalini. Majeraha mengi ya viwandani hutufikia yakiwa yamepakwa kitu: kahawa, sukari, dawa ya meno, mafuta ya taa, hata yai bichi. Anayefanya hivyo huwa amekusudia mema na amefundishwa na wazee wake nyumbani, na katika taharuki ndicho kitu cha kwanza kumjia. Mwombe mkufunzi aanze kwa kuwauliza wafanyakazi wenyewe wangefanya nini, awasikilize bila kuwacheka, ndipo aeleze kwa nini kila kimoja kina madhara. Akiruka hatua hiyo, watu wataitikia darasani na kesho yake kahawa itarudi kwenye kidonda.

Jeraha linalovuja damu nyingi hukandamizwa moja kwa moja kwa kitambaa safi, bila kufunua kila dakika kuchungulia. Kitambaa kikilowa, kinaongezwa kingine juu yake na mkono unaendelea kukandamiza. Aliyeungua huwekwa chini ya maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, na pete au saa huvuliwa mapema kabla hajavimba. Thina ikiruka machoni, maji hayo hayo, kwa muda huo huo. Mwenye kifafa hawekewi kijiko mdomoni. Ondoeni vitu vyenye ncha karibu naye, na degedege likipita alazwe ubavu. Kwa karakana yenye misumeno ningesisitiza pia kidole kilichokatika: hufungwa kwa kitambaa safi chenye unyevu, kikawekwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na mfuko huo ndio unaowekwa juu ya barafu. Kidole chenyewe kisigusane na barafu, kwa sababu nyama huharibika.

Na sanduku lako lijaze upya kabla ya siku ya mafunzo, ili wafunzwe kwa vitu watakavyovikuta humo: shashi, bandeji pana, glavu za kutosha, mkasi, na bandeji za pembetatu.

AfisaRasilimali_Mwanza

Mimi niko kwenye kiwanda cha kuchakata samaki, ambako visu na sakafu zenye maji hutupa kazi kila wiki. Kuhusu uteuzi, nashauri usiwapeleke wakuu wa idara peke yao kwa sababu ya vyeo vyao. Ajali hutokea kwenye mashine wakati mkuu yuko kwenye kikao. Chagua watu wanaokaa sehemu moja muda wote wa kazi, wanaosikilizwa na wenzao, wasiozimia wakiona damu, na wawepo wanawake na wanaume. Kila zamu iwe na angalau watu watatu, kwa kuwa mmoja atakuwa likizo na mwingine anaweza kuwa ndiye aliyeumia. Zamu ya usiku ndiyo husahaulika, na ndiyo yenye watu wachache wa kusaidia.

Hao wapewe mafunzo kamili ya siku mbili, kwa makundi mawili katika wiki tofauti ili mashine zisisimame zote, na siku hizo zihesabiwe kama siku za kazi zenye malipo. Ukiwaita siku yao ya mapumziko bila kuwalipa, watakuja miili tu. Zile saa mbili za Jumamosi anazozitaka mwenye karakana zitumie kwa wafanyakazi wote waliobaki, wajue wamwite nani, sanduku liko wapi, na gari gani linatoka kwenda hospitali. Kwa njia hiyo naye ataona pendekezo lake limeheshimiwa.

Fundi_Mombasa

Huku Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sanduku la huduma ya kwanza liwe chini ya mtu aliyefunzwa. Karakana yetu iliwahi kuwa na sanduku zuri lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa karani wa ofisi. Hakikisheni lenu halina kufuli.

Msimamizi_Keko

Nawashukuru sana. Limebaki jambo moja linalonisumbua. Wachomeleaji wawili niliodhani wanafaa wamekataa, wakisema mtu akifia mikononi mwao ndugu zake watawalaumu wao. Niwajibu nini?

Mkufunzi_Morogoro

Hofu hiyo ni ya kweli na usiwalazimishe. Waeleze kwamba wao si waganga. Kazi yao ni kumlinda majeruhi asizidi kuumia na kuokoa muda mpaka afike kwa wataalamu, na wafanye yale tu waliyofundishwa. Kisha mwajiri awape barua rasmi ya uteuzi inayosema hivyo hivyo, iliyosainiwa na mwenye karakana mwenyewe. Kutoa taarifa ya ajali OSHA na kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kubaki kuwa kazi ya uongozi, na vivyo hivyo kuzungumza na familia. Mtoa huduma ya kwanza aandike tu saa, alichokikuta na alichokifanya. Wakiiona barua hiyo mezani, waulize tena; wakikataa bado, mtafute anayetaka, hata kama ni mpishi wenu.