Pool, fusiboli, kabati la gemu au mashine ya midoli: kipi kinafaa mgahawa wa familia?

Mgahawa_Moro
Wadau, habari za leo. Nina mgahawa Morogoro, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Msamvu. Meza kumi na mbili, na pembeni kuna chumba kilichokuwa stoo ya soda, mita 3 kwa 4, nimeshakipaka rangi. Pombe siuzi. Siku za kazi nahudumia wasafiri na watu wa maofisini, Jumamosi na Jumapili wanajaa wenye familia. Kuku wa kuoka anachukua karibu nusu saa kufika mezani, na shida yangu iko hapo: dakika ya kumi tu watoto wanakimbizana miguuni mwa wahudumu waliobeba supu ya moto. Mwezi uliopita bakuli moja lilimwagika. Hakuungua mtu, ila usiku ule sikupata usingizi.

Nataka michezo ya sarafu. Nimeletewa bei za vitu vinne: pool ya futi saba, fusiboli (ile meza ya vijitu vya kuzungusha kwa vyuma), kabati la gemu za zamani lenye gemu 60 ndani, na mashine ya kioo yenye mkono wa kunasa midoli. Hela inatosha viwili. Mliowahi kuweka, naombeni uzoefu wenu.

Mzee_wa_Chaki
Mkuu, weka pool ulale. Nina meza mbili Mbeya, mwaka wa sita huu. Haili umeme hata senti: mtu anaweka sarafu, anasukuma kile chuma, mipira inashuka yenyewe. LUKU ikiisha watu wanaendelea kucheza, mradi kuna mwanga. Ukitumbukiza mpira unafungiwa ndani mpaka sarafu nyingine, isipokuwa mweupe tu ndio unarudi, kwa sababu mfumo unautambua kwa ukubwa au kwa sumaku. Matunzo yake ni kitambaa, ncha za fimbo na chaki. Mimi natoza 500 kwa mchezo na meza hazikai bure jioni.

Fundi_Sarafu
Mzee wa Chaki amesema kweli kuhusu pool, ila chumba kimemkataa. Meza ya futi saba yenyewe inaingia mita 3 kwa 4 bila tabu. Fimbo ndiyo haiingii. Ili mtu apige akiwa upande wowote bila kugonga ukuta unahitaji karibu mita 4 kwa 5. Nimewahi kuitwa kutengeneza meza iliyobanwa kwenye chumba kama hicho: ukuta mzima umejaa vishimo vya ncha za fimbo, na kitambaa kimechanika kona moja kwa sababu watu walikuwa wanapiga fimbo ikiwa imesimama.

Kuna na jambo la pili. Pool inaleta vijana wanaokaa saa nne kwa soda moja. Baa inawahitaji, mgahawa wa familia unawahitaji kidogo sana. Tena wengine tunakumbuka 2016, pool saa za kazi ilivyopigwa marufuku mikoa kadhaa. Mchana ndio muda wako wa biashara.

Mzee_wa_Chaki
Hapo kwenye vipimo nakubali, Fundi. Nilidhani ni ukumbi. Kwa mita 3 kwa 4 usinunue pool, mkuu, utaijutia.

Mama_wa_Wawili
Mimi naongea kama mteja. Tafadhali kaka, ile mashine ya midoli usiiweke. Mwanangu wa miaka saba ilimmalizia 3,000 siku moja, sarafu baada ya sarafu. Mkono unashuka, unamkamata dubu vizuri kabisa, unampandisha mpaka juu, halafu vidole vinalegea kana kwamba umechoka. Alilia njia nzima, na mgahawa ule hatujarudi. Chakula chao kilikuwa kizuri, nasema ukweli.

Fundi_Sarafu
Mama, hukukosea kuona hivyo. Nguvu ya ule mkono inapangwa. Ndani kuna mpangilio wa volti za vidole, na mashine nyingi mwenye nayo anaweza kuiamuru ibane kwa nguvu mara moja tu baada ya idadi fulani ya michezo. Mtoto anadhani hajui kucheza, kumbe zamu yenyewe haijafika. Mimi nazitengeneza, lakini mtu akiniuliza kuhusu mahali penye watoto namwambia aache.

Biashara_Kwanza
Mnazunguka tu. Hela iko kwenye dubwi, ile mashine ya kubahatisha. Mashine moja ndogo ya sarafu za 200 inaingiza kuliko hivyo vyote, na mwenye mashine anakuletea bure, mnagawana.

Mgahawa_Moro
Hapana ndugu yangu. Hiyo ni kamari, inataka leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuigusa. Chumba changu ni cha watoto. Hata ningepewa leseni kesho nisingeiweka, kwa sababu nimeshaona mtu mzima akicheza nauli ya kurudi kwake Kilosa.

Nakuru_Bob
Hamjambo kutoka Kenya. Ongezeni jambo la sarafu zenyewe. Niliweka makabati mawili ya gemu kwa hoteli ya shemeji yangu, yakikula shilingi 20. Desemba 2018 zikatoka sarafu mpya zenye wanyama, ndovu akawa kwa ile ya 20, na mashine ikawa inazitema zote. Kikubali sarafu cha bei rahisi hufanya kazi kwa kulinganisha: sarafu ya mfano inakaa ndani, inayofanana nayo inapita, isiyofanana inarudi. Kwa miezi kadhaa wateja walikuwa na sarafu mchanganyiko mfukoni, na watoto wakarudi kwa meza na hasira.

Nikahamia tokeni, visarafu vya kuchezea tu. Unanunua kwa kaunta, mashine inajua tokeni pekee. Hapo unaweza hata kumpa mteja tokeni moja bure akiagiza chakula.

Fundi_Sarafu
Nakuru amegusa penyewe. Kwa sarafu zetu, ya 200 yenye simba na ya 500 yenye nyati, kinachonisumbua zaidi ni washa za bolti zinazotumbukizwa badala ya sarafu. Watoto wa gereji wanajua ipi inapita. Tokeni inapunguza hilo, na ukitaka kupandisha bei hufungui mashine.

Sasa kabati. Usichukue la kusimama, ulizia lile la umbo la meza: kioo juu, skrini chini yake, wawili wanakaa wakitazamana. Pac-Man ya 1980 ilitolewa hata kwa umbo hilo, na ndilo lililoingia kwenye migahawa na vilabu vya kahawa. Mzazi anakaa na mwanawe, soda iko pembeni, hakuna anayesukumana. Dai skrini bapa, ile ya zamani yenye mgongo ni nzito na vipuri vyake ni vya kutafuta. Weka stabilaiza, umeme wetu mnaujua. Kinachokufa kwanza ni viswichi vidogo chini ya vitufe. Ukibonyeza lazima usikie "tik". Usiposikia, kimeingia mafuta ya chipsi, kinabadilishwa kwa dakika tano.

Na ukiambiwa "mashine imekufa", anza kufungua kisanduku cha sarafu. Mwaka 1972 mashine ya kwanza ya Pong iliwekwa kwenye baa moja huko Sunnyvale, California. Ikagoma, fundi akaitwa, akakuta kopo la sarafu limejaa hadi zinafurika. Nami nimeshaitwa mara mbili kwa ugonjwa huohuo.

Mama_wa_Wawili
Na fusiboli? Wangu wanaipenda kuliko gemu, wanacheza wanne kwa pamoja, hata baba yao anaingia. Naogopa vyuma tu. Mtoto mfupi kichwa chake kiko usawa wa chuma kinachotokea upande wa pili.

Fundi_Sarafu
Ziko zenye vyuma vya kuingiana kama antena ya redio, havitokei upande wa pili. Hiyo ndiyo ya kununua, hata ikizidi bei. Meza ni kama mita 1.4 kwa sentimita 75. Ukihesabu wachezaji pande zote mbili unataka upana wa mita 2.5 hivi. Ilaze kufuata ule urefu wa mita 4, inabaki nafasi ya kutosha kwa meza ya gemu.

Mgahawa_Moro
Nimepima leo asubuhi kwa futi kamba, nikachora sakafuni kwa chaki. Vinaingia vyote viwili na mlango unafunguka. Basi ni fusiboli ya vyuma vya antena na gemu ya meza, kwa tokeni, na kila kuku mzima anatoka na tokeni mbili. Nitatoboa dirisha ukutani ili mama wa kaunta awaone watoto. Fundi, meza ya fusiboli inafika kifuani kwa mtoto wa miaka sita. Nifanyeje?

Fundi_Sarafu
Mwambie seremala atengeneze kibao cha kukanyagia, sentimita 20 kwenda juu, kirefu sawa na meza, pande zote mbili. Kisiwe stuli, stuli inapinduka. Akizungushe kona zote, na chini agongelee mpira wa tairi kisiteleze.