CISA, CIA au ISO 27001: mhasibu aanze na ipi?

Mizania_Dom: Wakuu, mtu mwenye shahada ya uhasibu na miaka 3 ya ukaguzi wa ndani, anataka kuhamia ukaguzi wa mifumo ya kompyuta. Aanze na ipi kati ya CISA (cheti cha ukaguzi wa mifumo), CIA (cheti cha ukaguzi wa ndani) na ISO 27001 (kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa)? Ada inatoka mfukoni mwake.

Logi_Safi: CISA. CIA ni mitihani mitatu (maswali 125, 100 na 100) na TEHAMA imo kidogo tu. CISA ni mmoja: maswali 150, saa 4, kufaulu ni 450 kwenye mizani ya 200 hadi 800. Hiyo 450 si asilimia, wengi huchanganya. Jibu baya halikati alama, kwa hiyo usiache swali wazi.

Kaunta_Tatu: Kozi ya mkaguzi kiongozi wa ISO 27001 ni siku 5 na mtihani wake. Inamfaa anayekwenda kukagua kampuni zinazotafuta cheti hicho. Kwa anayelenga ukaguzi wa ndani wa benki, iwe ya pili.

Mizania_Dom: Na uzoefu? CISA wanataka miaka 5.

Logi_Safi: Mtihani unafanywa kabla, ukifaulu una miaka 5 ya kuomba cheti. Shahada hufidia hadi miaka 2, ukaguzi usio wa mifumo mwaka 1, na fidia zote hazivuki 3. Miwili inayobaki lazima iwe kazi yenyewe ya mifumo, kama kukagua haki za watumiaji, mabadiliko ya programu, bakapu. Ziombe kazi hizo kuanzia sasa, maana kuna mtu wa kazini atakayetakiwa kuthibitisha.

Bi_Udhibiti: Gharama: mtihani ni dola 575 kwa mwanachama wa ISACA (chama kinachotoa CISA), 760 kwa asiye mwanachama, na 50 za kuomba cheti. Kabla hujafurahia hiyo nafuu ya 185, jumlisha ada ya uanachama na ya tawi. Halafu, ukishapata cheti, kuna saa za mafunzo: angalau 20 kwa mwaka, 120 kwa miaka 3. Anayefanya 20 tu kila mwaka anaishia 60, cheti kiko hatarini.

Kaunta_Tatu: Mafundi wa IT wanaweza kuangushwa na mtihani huu wakijibu kifundi. Mfano: msanidi programu ana ruhusa ya kuingia kwenye mfumo unaotumika na wateja. Mkaguzi afanye nini kwanza? Fundi atajibu "mfutie ruhusa". Mkaguzi hafuti kitu cha mtu. Anaangalia kwanza kama kuna udhibiti fidia, yaani kinga nyingine inayoziba pengo hilo, mfano logi (rekodi za mfumo) zinazopitiwa na mtu mwingine, ndipo aandike hoja. Soma lile neno "kwanza" au "bora zaidi" mara mbili. Majibu mawili huwa sahihi, moja ndilo linalotakiwa.

Mizania_Dom: Muda wa kusoma auweke wapi?

Bi_Udhibiti: Kwenye maeneo ya mtihani wa CISA, la 4 na la 5, yaani uendeshaji wa mifumo na ulinzi wa taarifa: 26% kila moja. Mhasibu hupenda kung'ang'ania la 1, mchakato wa ukaguzi, kwa kuwa analijua, na lina 18% tu. Akifeli, anasubiri siku 30 kabla ya kurudia. Akifeli tena, 90.