Nyama imeota juu ya mrija wa shingoni wa mwanangu: itolewe sasa au tusubiri?

MamaPacha: Wazazi wenzangu, shikamooni na habari zenu. Mwanangu ana miaka 3 na anapumua kwa mrija wa shingoni tangu ana miezi 4. Alizaliwa njiti, akakaa sana kwenye mashine ya kupumulia, njia ya hewa ikabana chini ya nyuzi za sauti. Juzi kamera imeonyesha nyama imeota juu kidogo ya tundu. Daktari anataka kuikata. Mimi nusu kaputi inanitisha kuliko hiyo nyama. Nikimfyonza makohozi naona na damu kidogo.

Babu_Kaka: Mwekee mrija mdogo, uuzibe mchana hapo nyumbani uone. Akipumua vizuri, upasuaji wa nini?

NesiWaKoo: Babu, hapana! Kama nyama imeziba juu, ukiziba mrija mtoto hana pa kupitishia hewa. Jaribio hilo ni la hospitali, baada ya kamera, akiwa anaangaliwa hadi usingizini.

Mama, nyama hiyo si saratani. Mrija ukisugua ukuta wa koo, kidonda kinaota nyama. Watoto wengi wenye mrija wanayo. Ikiwa ndogo, mara nyingi huachwa. Hukatwa ikiziba, ikitoa damu, au mtoto akikaribia kutolewa mrija. Huingiliwa mdomoni kwa kamera au kupitia tundu lenyewe, na huweza kuota tena. Na hiyo damu, kwanza angalia mpira wa kufyonzea unaingia kiasi gani. Usipite ncha ya mrija kwa zaidi ya nusu sentimita. Damu ikizidi au ikiwa mbichi nyekundu, mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

BabaZu: Sisi tulikatiwa nyama mara 2 tukidhani ndiyo tatizo. Kumbe kizuizi kilikuwa juu zaidi, kovu la daraja la 3, yaani njia imeziba asilimia 71 hadi 99. Mwishowe walichukua kipande cha gegedu la ubavu wakaipanua. Siku za wagonjwa mahututi sitaki hata kuzikumbuka, ila mrija ulitoka.

Tundu nalo likagoma kujifunga. Tulisubiri karibu mwaka ndipo likazibwa, na usiku ule manesi hawakumwacha, maana hewa ikivuja chini ya ngozi shingo inavimba ghafla.

MamaPacha: Ahsanteni. Kumbe nilikuwa nauliza nyama tu, habari ya kovu sikuigusa. BabaZu, hilo daraja mliambiwa au mliuliza wenyewe?

BabaZu: Tuliuliza. Tena baada ya kukatwa mara ya pili.

MamaPacha: Basi Alhamisi nauliza kabla sijasaini chochote. Na mpira nimeupima sasa hivi: nilikuwa nauzamisha sentimita 2 nzima.