Lifti ya angani: acheni kutuonyesha vibanda vya vioo, tuonyesheni kamba!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Kila siku inazuka video mpya: kibanda cha vioo kinapanda kamba iliyotoka ardhini hadi angani, kinapita juu ya mawingu, dakika mbili tu kimefika kwenye kituo cha anga, abiria wanaelea wakicheka. Mtangazaji anafunga kazi kwa kutuambia kilichobaki ni pesa tu. Pesa tu! Tunaingizwa mjini mchana kweupe.

Nianze na hao wanaoelea. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko juu kama kilomita 400, na huko mvutano wa Dunia bado ni karibu asilimia 89 ya huu wa ardhini. Wanaanga wanaelea kwa sababu kituo kinakimbia kama kilomita 28,000 kwa saa. Lifti haikimbii hivyo, inazunguka pamoja na ardhi, mara moja kwa siku. Mtu wa kilo 70 akipanda mizani ndani ya lifti kwenye kimo hicho, atasoma kama 62. Akifungua mlango akatoka, anaporomoka hadi chini. Na kuifunga kamba kwenye kituo chenyewe ndiyo usiseme, maana kinaizunguka Dunia kila baada ya dakika 90 hivi. Hiyo kamba ingeshikwa na nani huku chini?

Mahali pa kuining'iniza kamba ni pamoja tu: kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako setilaiti inazunguka sambamba na Dunia na kuonekana imesimama palepale. Kutoka hapo kamba inashuka hadi ardhini na nyingine inakwenda juu zaidi kuisawazisha. Kampuni ya Obayashi ya Japani, iliyotangaza mwaka 2012 kwamba inalenga 2050, ilitaja kamba ya kilomita 96,000. Gari lao la kilomita 200 kwa saa lingechukua kama wiki nzima kufika pale mtu anapoanza kuelea. Wiki! Tena njiani linapita taratibu kwenye mikanda ya Van Allen, yaani maeneo yenye mionzi mikali yanayoizunguka Dunia, jambo ambalo kwenye video halitajwi kabisa.

Sasa kamba yenyewe, maana hapa ndipo penye uongo mkubwa. Kamba ndefu inakatwa na uzito wake yenyewe. Waya wa chuma bora kabisa ukiuning'iniza, utakatika baada ya makumi machache ya kilomita. Kevlar, inayotengenezewa fulana za kuzuia risasi, inafika kama kilomita 250. Lifti hii inahitaji kitu cha kuhimili takriban kilomita 4,900 kwa kipimo hichohicho, na hapo tumeshapiga hesabu ya mvutano kupungua kadiri unavyopanda. Mtasema tuifanye nene juu na nyembamba chini. Sawa, wahandisi waliliwaza hilo zamani. Kwa chuma, unene wa juu ungelazimika kuuzidi wa chini kwa namba yenye sifuri zaidi ya 30. Pesa gani inanunua hiyo?

Hapo ndipo mtu anarusha "nanotyubu za kaboni", yaani vijirija vyembamba mno vya atomu za kaboni, kama vile kamaliza mjadala. Kweli, mrija mmoja mmoja una nguvu ya ajabu. Lakini mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Tsinghua kiliporipoti mrija mrefu kuliko yote hadi wakati huo, ulikuwa wa nusu mita na ushei. Ukiisokota mingi kuwa uzi, inateleza moja juu ya nyingine na nguvu inashuka vibaya sana. Atomu chache zikikaa vibaya, inashuka tena. Kutoka nusu mita hadi kilomita 96,000, halafu mtu anatuambia pesa tu!

Kinachoniuma ni kwamba wazo lenyewe si la kipuuzi. Mwanasayansi Mrusi Tsiolkovsky aliliandika 1895 kama mnara wa kutoka ardhini, mhandisi Mrusi Artsutanov akaligeuza 1960 kwa kuanzia juu kushuka chini, mhandisi Mmarekani Pearson akapiga hesabu zake 1975. Wale walikuwa wakweli kuhusu ugumu wake. Hawa wa leo wakisikia Wajapani wamerusha visetilaiti viwili mwaka 2018 na kigari kidogo cha kutembea kwenye kamba ya mita 10 hivi, wanaandika "lifti ya angani yajaribiwa". Mbona hawakumbushi yaliyotokea 1996, kebo ya chombo cha anga cha Marekani, Columbia, ilipokatika ikiwa imekunjuliwa karibu kilomita 20, kisa cheche ya umeme?

Halafu kuna hili ambalo sijaona hata mmoja wao akiligusa. Kila setilaiti na kila kipande cha takataka kinachozunguka chini ya kimo kile cha 35,786 lazima kivuke usawa wa ikweta mara mbili kila mzunguko, na kamba imesimama hapohapo, mchana na usiku. Kwa vile Dunia nayo inageuka, ipo siku vitakutana, kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde. Nyie wenye video, na mje hapa mjibu: ni setilaiti zote zitaondolewa, au ni kamba ndiyo itakuwa inakwepa?