Je, aliyekulia vitani asubiri miaka mingapi ndipo aandike?

Mwalimu wa Kadutu:
Ndugu wasomaji, ninafundisha fasihi hapa Bukavu, na wanafunzi wangu wote wamezaliwa baada ya 1996, mwaka ambao vita viliingia mjini kwetu. Mmoja wao ameniletea daftari lililoandikwa kwa penseli. Ukurasa unaosimulia usiku ambao familia yao ilikimbia ameufuta na kuuandika upya mara nyingi hadi karatasi imetoboka. Mwenzangu amemshauri asubiri, akimtajia Remarque, mwandishi Mjerumani aliyejeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917 akiwa na miaka 19, na ambaye riwaya yake juu ya vita hivyo ilitoka kama kitabu mwaka 1929. Je, kusubiri ni sharti?

Msomaji, Goma:
Mwalimu, si sharti hata kidogo. Barbusse, mwandishi Mfaransa, alikwenda katika vita hivyo hivyo akiwa na miaka 41, na riwaya yake juu ya vita ikapata Goncourt, tuzo ya fasihi ya Ufaransa, mwaka 1916, mizinga ingali inalia. Owen naye, mshairi Mwingereza, aliuawa vitani tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya mapigano kusimama, na mashairi yake yaliyo bora aliyatunga katika mwaka wake wa mwisho. Angetii ushauri wa kusubiri, tungesoma nini leo?

Mama wa maktaba, Ibanda:
Nakubaliana nawe, kaka, ila Owen hakuandika peke yake. Mwaka 1917, katika hospitali ya wanajeshi karibu na Edinburgh, alikutana na Sassoon, mshairi aliyetoka vitani kama yeye, na rasimu ya mojawapo ya mashairi yake mashuhuri bado ina masahihisho ya Sassoon kwa penseli. Mwanafunzi huyo anahitaji msomaji wa namna hiyo kuliko anavyohitaji miaka. Tena, tuwakumbuke wapagazi wa mashariki mwa Kongo waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Wabelgiji katika vita hivyo hadi Tabora, mji wa koloni la Wajerumani uliotekwa Septemba 1916, mwaka ule ule wa tuzo ya Barbusse: safari yao tunaisoma zaidi katika maandishi ya maafisa waliowaamuru. Inaniuma kila ninapolifikiria jambo hilo.

Mwalimu wa Kadutu:
Asante sana, mama. Mimi mwenyewe nilikimbia nikiwa mtoto, na sijawahi kumwambia mwanafunzi yeyote. Jumamosi nitakaa naye, nitamwomba anisomee ukurasa ule uliotoboka, nami nitakuja na penseli yangu.