Mnampa mgonjwa dawa shingo inapinda, halafu mnatwambia sie watu wa shamba tunaamini majini!!

Assalaam alaykum jamani. Naandika na hasira zangu, kwa hiyo nivumilieni, na anotaka kuniambia "subira" akaanze kwanza na walotukosea.

Mdogo wangu, kijana wa miaka ishirini na kidogo, alianza kusikia sauti, halali, anasema majirani wanamtilia kitu kwenye chakula. Sie tuko Pemba, huku juu kaskazini. Bi mkubwa akataka asomewe, akasomewa, na kombe akanywa, mie sina ugomvi na hilo, mie muislamu na Mtume mwenyewe katwambia tujitibu. Ila nkasema na spitali twende. Ami hataki kusikia, tukabishana mpaka akachoka. Tukaenda. Spitali gani siitaji.

Daktari hata usoni hakumtazama. Analala? Anakula? Anavuta bangi? Anaandika tu, mlango uko wazi, foleni yote ya nje imetega masikio mtoto wa watu anaulizwa mambo yake. Dirishani tukapewa haloperidoli, vidonge vya maradhi ya akili, kwenye kibahasha, kimeandikwa 1x2, basi, nendeni.

Haukupita muda, usiku, shingo ikaanza kwenda upande. Macho yamepanda juu hayashuki, taya limekaza, ulimi unatoka nje wenyewe, anataka kusema hawezi, na machozi yanamtoka maana akili anazo na anajiona anavofanywa. Sasa niambieni, nyumba nzima pale wataona nini kama si jini? Ami hakuchelewa, "si nlikwambieni, mwenyewe kakasirika kupewa madawa yenu". Bi mkubwa anavuta uradi na huku analia. Mie nlokuwa natetea spitali nkakosa la kusema.

Tukapata gari ya jirani, tukampeleka kituo chengine. Nesi, mtoto wa kike mdogo tu, kumtia machoni akauliza "kaanza dawa gani huyu?" Nkamwonesha kile kibahasha. Akamchoma sindano, nusu saa haikufika shingo imerudi, anaomba maji.

KUMBE KITU KINAJULIKANA! Haloperidoli hiyo imetengenezwa Ubelgiji mwaka 1958, si ya jana. Inazuia dopamini, kemikali ya kwenye ubongo, ndo sauti zikapungua, lakini dopamini hiyo hiyo ndo inoendesha misuli iende sawa, sasa ukiizuia misuli mara nyengine inakaza, na wanopata sana ni vijana wa kiume na hasa siku za mwanzo mwanzo. Na ina dawa yake, vidonge vya Artane, vya miaka na miaka. Sisemi kila mgonjwa apewe Artane, hiyo kazi ya daktari kupima. Nasema TWAMBIENI. "Shingo ikipinda msiogope, ni dawa, mrudisheni haraka." Maneno hayo yanachukua muda gani? Hata kwenye kile kibahasha yanaenea.

Basi bi mkubwa vidonge vyote kavitia chooni, na mie sikuweza kumlaumu, kaona kwa macho yake. Maradhi yakarudi na nguvu mpya. Tuliporudi kwa daktari yule yule anatwambia mbele za watu "nyie watu wa shamba ndo tatizo, mkipewa dawa mnaacha mnakimbilia waganga". Nkamwambia daktari, kama kuna alotupeleka kwa mganga ni wewe. Akamwita mlinzi.

Halafu kila tarehe 10 Oktoba, siku ya afya ya akili duniani, fulana mpya, bango, mgeni rasmi, sambusa, "tuvunje ukimya". Ukimya sie tushauvunja, tumekuja na mgonjwa wetu mchana kweupe kijiji chote kinatuona! Walonyamaza ni nyie mlokaa mezani.

Na msije mkaniambia mpeleke Unguja. Mtieni nyie kwenye boti pale Mkoani mtu anodhani abiria wote wanamsema yeye, na nauli za wa kumshika kulia na kushoto, halafu mje mnisimulie.

Saivi anatumia dawa, kapunguziwa dozi na Artane juu yake, analala, juzi kaenda mwenyewe kusali ijumaa. Ila Artane dirishani "hakuna, kanunueni", na duka nnalonunua nalo limeishiwa. Alokuwa Wete au Chake anojua duka lenye nayo ya uhakika aniandikie inboksi leo leo, zilobaki hazitufikishi wiki. Na wale wa "mlete kwa shehe wangu" nakuombeni msinijibu.